Mjomba, RX-8 ya dola 4,100 nitaiweza?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Usa River na nafanya kazi Arusha mjini, kwenye ofisi ya kampuni ya utalii, upande wa kupanga safari za wageni. Leseni nina mwaka mmoja na miezi miwili. Marehemu baba alikuwa fundi wa magari. Nikiwa mdogo alinibeba mabegani kwenda kuangalia rali, na mpaka leo nikisikia gari linapandisha gia mwili unasisimka. Nakueleza haya ili usidhani nimeyajua magari jana kwenye Instagram.

Nimeweka akiba miaka mitatu, sasa nina milioni 17. Nimeiona Mazda RX-8 ya mwaka 2009 huko Japani, nyekundu, gia ya mkono, imetembea kilomita 88,000. Bei yake ni dola 4,100 mpaka bandari ya Dar es Salaam. Benki walinipa kiwango cha 2,600, kwa hiyo inakuja kama milioni 10 na laki saba. Rafiki yangu wa kazini aliniambia ushuru ni asilimia 25, yaani milioni mbili na laki saba hivi. Kwa hesabu hiyo nabaki na zaidi ya milioni tatu za bima, rimu na muziki. Tena akasema injini yenyewe ni 1300 kama Vitz, hivyo mafuta hayatanisumbua.

Juzi nikampigia wakala mmoja anayetoa magari bandarini. Akaniambia niandae milioni ishirini na kitu. Sikuelewa hizo nyingine zinatoka wapi, nikakata simu nikiwa nimenyong'onyea. Mama aliponiona hivyo akasema atauza ng'ombe wake wawili wa maziwa aniongezee. Kikoba chetu cha ofisini kinaweza kunikopesha milioni tatu. Na kwenye simu kila siku naletewa meseji za mikopo ya haraka.

Mshahara wangu mkononi ni laki tisa. Kuanzia Juni mpaka Oktoba, na mwezi wa Desemba, kuna kamisheni, naweza kufika milioni moja na nusu. Aprili na Mei ni laki tisa kavu. Naishi nyumbani, silipi kodi ya nyumba, ila nachangia chakula. Kazini ni kilomita 22. Napanda daladala, elfu tatu kwa siku kwenda na kurudi.

Kuna mzee aliyekuwa rafiki wa baba anauza Toyota Altezza ya mwaka 2001, ile ya silinda sita, gia ya mkono, kwa milioni tisa na nusu. Ameitunza, lakini moyo wangu uko kwenye RX-8. Kila ninayemwuliza ananiambia ninunue Toyota IST nitulie. Mjomba, na wewe usiniambie hivyo.

Binti wa Fundi, Usa River

*

Marahaba, mpwa wangu. Pole kwa kuondokewa na baba. Mtu aliyemfundisha binti yake kusikiliza gia ameacha urithi, na barua yako inaonyesha kwamba hukuupoteza.

Sitakuambia ununue IST. Anayependa gari la kuendesha, ukimpa gari la kufikia tu, ataliuza ndani ya mwaka kwa hasara na kurudi pale pale alipoanza. Ila hesabu uliyopewa kazini kwako ina mashimo mawili, moja la ushuru na moja la injini. Yote mawili ni makubwa kiasi cha kumeza akiba yako ya miaka mitatu, na ng'ombe wa mama pia.

Tuanze na ushuru, maana ndipo wakala alipokushtua, na alikuwa anasema kweli. Hiyo asilimia 25 ipo, lakini ni ya kwanza tu kwenye foleni. Inapigwa juu ya bei ya gari pamoja na bima na nauli ya meli, ile ambayo wauzaji wanaiita CIF. Kwa gari lako ni 10,660,000, na asilimia 25 yake ni 2,665,000. Sasa unajumlisha, unapata 13,325,000, na kodi zinazofuata zinapigwa juu ya jumla hiyo, haziirudii tena bei ya mwanzo. Gari lenye injini ya zaidi ya cc 1000 mpaka 2000 linalipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5: shilingi 666,250. Halafu kuna ule wa uchakavu. Gari likishapita miaka kumi tangu litengenezwe, linaongezewa asilimia 30. Mazda waliacha kutengeneza RX-8 mwaka 2012, kwa hiyo leo hakuna RX-8 hata moja duniani inayoukwepa. Kwako ni 3,997,500. Baada ya hapo inakuja VAT, asilimia 18 ya kila kilichokwisha kujumlishwa, shilingi 3,237,975.

Jumla ya hizo nne ni 10,566,725. Ongeza tozo ya reli na ada ya forodha, unafika kama milioni 10 na laki nane. Yaani serikalini unalinunua gari mara ya pili. Hapo gari limeshafika milioni 21 na nusu na bado halijatoka getini. Mimi nikimpigia mtu hesabu humtengea milioni moja na nusu nyingine kwa gharama za bandari, meli, wakala na usajili, kisha mafuta na posho ya dereva wa kulileta Arusha. Wewe una 17.

Na hesabu hiyo nimeipiga kwa kudhani TRA watakubali dola zako 4,100. Hawalazimiki kuzikubali. Wana mfumo wao wa kuthaminisha magari yaliyotumika, uko wazi mtandaoni, mtu yeyote anaingia. Unachagua aina ya gari, modeli, mwaka na ukubwa wa injini, mfumo unakutolea thamani wanayoitambua na kodi zake zote mstari kwa mstari. Thamani yao ikiwa juu kuliko risiti yako, utalipa kwa thamani yao. Ukipenda gari lolote la Japani, kabla hujamjibu muuzaji hata salamu, fungua kikokotoo hicho kwanza. Na ukifungue upya siku unayotaka kulipa, kwa sababu kila Julai bajeti mpya huweza kugusa viwango na dola nayo haikai mahali pamoja.

Nasema haya kwa uchungu kidogo. Mwaka 2011 niliagiza Celica kwa hesabu ya namna hiyo hiyo, ya kuambiwa na rafiki. Gari likafika Dar, mimi nikiwa sina hata nusu ya kodi. Siku za bure bandarini zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu kila kulipokucha. Nikakopa huku, nikakopa kule ili kuligomboa. Lilipotoka, betri imekufa na mimi nadaiwa na watu wanne. Niliiendesha miezi mitano nikaiuza. Kila nilipoiwasha nilikuwa nawaza madeni, sikuusikia hata mlio wake. Sitaki yakukute.

Sasa injini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wewe ni mtoto wa fundi na utanielewa.

RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu iliyovimba pande zake, zinazunguka ndani ya chumba chenye umbo linalokaribia yai. Kila rota inahesabiwa cc 654, mbili ni 1308. Ndiyo hiyo 1300 ya rafiki yako. Lakini injini ya kawaida, ya Vitz kwa mfano, silinda moja hupiga moto mara moja kila shafti inapozunguka mara mbili. Ya rota inapiga moto kila mzunguko. Kwa hiyo kwa kila mzunguko wa shafti, hii 1308 inavuta hewa na mafuta sawa na injini ya pistoni ya 2600. Kwenye makaratasi ni Vitz. Kwenye sheli ni kama Mark X. Mjini usitegemee zaidi ya kilomita 7 au 8 kwa lita, na ukiwa na mguu mzito itashuka hapo. Hata TRA hiyo 1300 haikupi nafuu kuliko injini ya 2000, maana zote ziko kundi moja.

Ni injini nzuri, usinielewe vibaya. Ndugu yake mkubwa, yenye rota nne, ilikuwa ndani ya Mazda 787B iliyoshinda saa 24 za Le Mans mwaka 1991, mara ya kwanza gari la Kijapani kushinda pale. Hii yako ya gia ya mkono inazungushwa mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika bila kutetemeka. Ukiiendesha hutaisahau, na ninaelewa kabisa kwa nini moyo wako umeng'ang'ania.

Tatizo liko kwenye ncha za hizo pembetatu. Kila ncha ina kipande chembamba cha kuziba kinachosugua ukuta wa chumba muda wote injini inapozunguka. Ili kisikauke, injini inajichomea oili yake kwa makusudi, ndivyo ilivyobuniwa. Ukikuta umeongeza lita moja ndani ya kilomita elfu moja na nusu au mbili, si ugonjwa. Ugonjwa ni dereva aliyezoea Corolla, asiyepima oili mpaka siku ya sevisi. Dereva wa namna hiyo akiwa na RX-8 kwa miaka michache, vile vizibo vinakwisha, kompresheni (nguvu ya injini kubana hewa) inashuka, na gari linaanza kugoma kuwaka likiwa na moto. Asubuhi linawaka vizuri, ukisimama sheli Tengeru ukilizima halirudi. Ndiyo maana unaziona kwa bei ya huruma kule Japani. Muuzaji anajua anachokiuza, wewe unaona rangi nyekundu na kilomita 88,000.

Inapimika, lakini si kwa kile kipimo cha kompresheni ambacho baba yako bila shaka alikuwa nacho. Kila rota ina nyuso tatu, na unahitaji kipimo chake maalumu kinachosoma kila uso peke yake. Siku utakapoagiza RX-8, mwambie muuzaji akupe karatasi ya vipimo hivyo pamoja na karatasi ya mnada yenye daraja la gari. Akisema hana, mshukuru umwache. Na kabla ya yote jiulize nani atakayeifungua ikiharibika. Arusha kuna mafundi hodari wa Subaru na Toyota, wengine wamelelewa na rali. Wa rota utawatafuta kwa tochi. Baba yako angekuwapo ningezungumza tofauti.

Halafu kuna jambo ambalo kule Japani hawawezi kukuambia. Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Hizo nguvu farasi unazozisoma kwenye tangazo, ondoa moja ya saba hivi. Halafu barabara yenyewe ya Usa River kwenda mjini unaijua kuliko mimi: vijiji, matuta, vibao vya 50, na trafiki na tochi yake. Faini ni elfu thelathini kila unaponaswa. Gari la kukaa chini kama RX-8, kwenye matuta yale, kila siku ya kazi? Utaumia roho.

Nije kwenye pesa za kuongezea.

Ng'ombe wa mama wabaki zizini. Hili sikuombi, nakusihi. Wale ng'ombe wanampa mama yako hela kila asubuhi bila kumwomba mtu, na mjane mwenye maziwa yake ana heshima yake. Gari litashuka thamani tangu siku ya kwanza. Mama amesema vile kwa sababu alikuona umenyong'onyea. Leo jioni mwambie umeshapata njia nyingine, alale vizuri.

Kikoba ni kizuri kwa ada ya shule, kwa mtaji, kwa msiba. Ukikopa milioni tatu za gari Septemba ukiwa na kamisheni, marejesho yatakukuta Aprili ukiwa na laki tisa kavu, na wanakikoba wenzako ni watu unaokaa nao meza moja. Ile mikopo ya kwenye simu sina la kusema zaidi ya jina ambalo watu wenyewe wameipa: kausha damu. Zifute hizo meseji.

Na hapo kwenye Aprili ndipo bajeti yako yote inapotakiwa kukaa. Umenipa mishahara miwili. Watu wengi wa utalii ninaowajua hupiga hesabu ya gari kwa mwezi wa Agosti, wageni wamejaa na bahasha zinapita. Wewe piga kwa Aprili. Gari unaloweza kulilisha Aprili, Agosti halitakushinda.

Tuipige basi. Kazini na kurudi ni kilomita 44, kwa siku 22 ni karibu 970. Ukiweka na safari za wikiendi ni kama 1,200 kwa mwezi. RX-8 kwa kilomita saba na nusu kwa lita itakunywa lita 160. Nimeweka petroli elfu tatu kwa lita ili hesabu iwe nyepesi. Bei halisi ya Arusha utaiona EWURA wanapotangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Hiyo ni laki nne na elfu themanini. Zaidi ya nusu ya mshahara wa Aprili, kabla ya oili, kabla ya plagi (zipo nne, na koili zake nne, na injini hii haivumilii koili iliyochoka), kabla ya tairi za inchi 18.

Altezza haitakuwa bure pia, nisikudanganye. Ile injini ya silinda sita, 1G, mjini inakwenda kilomita nane au tisa kwa lita. Ukiiendesha kila siku nayo itakumaliza. Kwa hiyo ninachokuomba ni kitu ambacho rafiki zako wanaweza kukishangaa: nunua gari la moyo wako, na uendelee kupanda daladala. Siku tatu za wiki daladala, siku mbili gari, na wikiendi ni yako, uende zako Moshi au upande Karatu uangalie bonde. Hapo unatembea kama kilomita 600 kwa mwezi. Lita 70, laki mbili na elfu kumi. Nauli ya siku zilizobaki haifiki elfu arobaini. Weka laki moja kila mwezi kwenye akaunti ya spea, hata mwezi ambao hakuna kilichoharibika, hasa mwezi huo. Jumla ni laki tatu na nusu, na Aprili unabaki na laki tano na nusu za nyumbani na za kwako. Hiyo unaiweza.

Na kwa nini Altezza? Kwa sababu umeitaja kama mtu anayetaja ndugu aliyemzoea, kumbe ndiyo gari la spoti kwenye barua yako linalokufaa. Inavuta kwa tairi za nyuma, ina gia sita za mkono, na uzito umegawanyika vizuri mbele na nyuma. Injini yake ndiyo iliyomo kwenye Mark II GX110, ndiyo maana spea zake zipo kila mahali na fundi wa kawaida anaifungua akiwa anazungumza na simu. Ina nguvu farasi kama 160, si nyingi, na kwa dereva mwenye leseni ya mwaka mmoja ndizo hasa zinazotakiwa. Utajifunza kuitumia yote. Gari lenye nguvu mara mbili ya ujuzi wako halikufundishi kitu, linakusamehe tu mpaka siku linapochoka kusamehe. Masika Arusha barabara ikishika matope, gari la tairi za nyuma linataka mguu wa adabu, na adabu hiyo ni bora uipatie kwenye 160.

Milioni tisa na nusu zungumza nae kwa heshima, ni rafiki wa baba, anaweza kushuka. Tuseme hakushuka. Unabaki na saba na nusu. Weka milioni mbili na nusu za kuliandaa gari, hata kama mzee anasema halidai kitu: taimingi belti mpya na pampu ya maji kwa pamoja (belti hubadilishwa kila kilomita laki moja, na kama hakuna karatasi inayoonyesha lini ilibadilishwa, hesabu kwamba haijabadilishwa), oili zote ikiwemo ya gia na ya difu, brekipedi, bushi, shokapu zilizochoka, na tairi nne mpya. Usinunue tairi za mtumba kwa ajili ya gari la namna hii. Mimi ningelala njaa kabla sijafanya hivyo, kwa sababu kinachoshika lami ni vipande vinne vya mpira visivyozidi kiganja, basi.

Bima chukua kubwa. Kiwango cha kawaida kwa gari binafsi ni asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT inaongezwa juu yake. Kwa milioni tisa na nusu ni kama 392,000 kwa mwaka. Kwa RX-8 ya milioni 21 ungelipa karibu laki nane na elfu sabini. Bima ndogo inamlipa uliyemgonga, wewe na gari lako mnabaki barabarani mkitazamana. Gari likishazeeka kampuni nyingine hukataa bima kubwa, kwa hiyo uliza kabla hujamlipa mzee. Halafu soma kile kipengele cha kiasi unachobeba mwenyewe ajali ikitokea, na uulize kama dereva kijana au mwenye leseni changa anabebeshwa zaidi. Wengi husoma kipengele hicho wakiwa tayari wamekaa kituo cha polisi.

Tenga laki tatu za kubadili umiliki TRA na mambo madogo. Na kwa sababu ni mtu mnayefahamiana utaona aibu kukagua kadi. Kagua hivyo hivyo. Jina kwenye kadi liwe lake, namba ya chasisi ifanane na ya kwenye gari, na kwa namba ya gari angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho. Deni lolote alilipe kabla hamjasaini.

Umebaki na milioni nne na laki tatu. Tatu zikae benki, zisiguswe. Hizo ndizo zitakazokufanya ulale siku sauti ngeni itakapotoka kwenye gia. Kwa iliyobaki, badala ya rimu na muziki, mtafute dereva mzoefu wa rali, Arusha na Moshi hawakosekani, umlipe wikiendi tatu akufundishe kwenye uwanja mpana: kufunga breki kwa nguvu, kurudisha mkia unapoteleza, kushusha gia bila kuparura. Najua muziki ni mtamu. Lakini ulibebwa mabegani ukaangalie watu wakifanya hayo, sasa ni zamu yako kuyafanya.

Na RX-8? Iweke moyoni, usiitupe. Endesha Altezza miaka miwili, ile laki moja ya kila mwezi ikue, ujue ni nani Arusha au Dar anayefahamu rota, ujue na wewe mwenyewe kama bado unaitaka. Ukiiagiza ukiwa na fedha taslimu za bei, kodi na gharama zake zote, na karatasi ya kompresheni mkononi, nitakuandikia barua ya pongezi mimi mwenyewe.

Kwa sasa mpigie yule mzee. Mwambie utakwenda Jumamosi asubuhi na mapema, na umwombe asiliwashe gari kabla hujafika, maana injini iliyokwisha kupashwa moto huficha kasoro zake. Nenda na mmoja wa vijana waliofanya kazi na baba, yule ambaye baba alimwamini funguo za gereji. Ukifika, kabla ya salamu kuwa ndefu, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, kunywa chai, zungumzeni habari za baba, uage, urudi Jumamosi nyingine. Likiwa la baridi, mwambie kijana achomoe kijiti cha oili, wewe ingia ndani uliwashe, uzime redio, usikilize.